Osha, Kausha, Kunja: Tunza Turubai Lako Kabla ya Mvua

Na Afisa wa Mawasiliano

Mvua za mwisho wa mwaka zinakaribia. Wafanyabiashara wa Mtito Andei wanaouza chini ya vivuli vya turubai, na vikundi vinavyokodisha mahema kwa mazishi, harusi na mikutano, wanahimizwa kukagua na kusafisha vifaa vyao kabla mvua haijaanza. Kazi yenyewe si kubwa. Inahitaji ufagio, brashi laini, sabuni ya kawaida, maji kidogo na nusu siku ya jua.

Biashara nyingi ndogo za mji huu zinategemea kitambaa kilichotandazwa juu ya vyuma au miti. Muuza matunda kando ya barabara kuu ya Nairobi–Mombasa, mama mboga sokoni, mchoma nyama, muuza chai anayehudumia madereva wa malori, fundi wa viatu: wote hufungua siku kwa kufungua turubai. Bila kivuli, nyanya hulegea na sukuma wiki hunyauka kabla ya saa sita mchana, na abiria aliyeshuka kwenye basi hasimami juani kuchagua maembe.

Kwa vikundi, hema ni mtaji. Wanachama huchanga kwa muda mrefu, wakanunua hema moja, kisha la pili kutokana na mapato ya la kwanza. Hema hilo likianza kuvuja au kunuka ukungu, mteja hulalamika, bei hushuka, na mwishowe kikundi hubaki kikikodisha viti pekee.

Makala haya yanaeleza kinachoharibu turubai katika eneo letu, jinsi ya kuliosha kwa maji machache na jinsi ya kulihifadhi. Jambo kuu la kukumbuka ni hili: mara nyingi si mvua inayomaliza turubai. Humalizwa na vumbi lililoachwa juu yake, dawa kali tunazolisugulia, na kukunjwa likiwa bichi.

Kwanza, lijue turubai lako

Watu wengi huita kila kitambaa cha kivuli "turubai", lakini kuna aina nne ambazo hutunzwa kwa njia tofauti. Tazama ukingo uliochanika au kona iliyochakaa, utaitambua yako.

Aina ya kwanza ni turubai jepesi la plastiki, lile la buluu, kijani au rangi ya fedha. Ukingo wake ukichanika utaona vitepe vyembamba vya plastiki vilivyofumwa. Ni la bei nafuu na haliozi, lakini jua hulimaliza haraka. Likianza kutoa magamba au kukatika kwa kidole, kuliosha hakutalirudishia nguvu.

Aina ya pili ni turubai zito la PVC, lenye uso laini na linalotumika kwa mahema mengi ya kukodisha na kufunikia malori. Ndani yake kuna nyuzi za polista, na juu kuna ngozi ya plastiki ya PVC. Mara nyingi lina uzito wa gramu kati ya 500 na 700 kwa kila mita mraba. Halipitishi maji na huoshwa kwa urahisi. Adui zake ni petroli, thina na kukunjwa mahali pale pale kila siku.

Aina ya tatu ni kanvasi, kitambaa cha pamba au pamba iliyochanganywa na polista. Ndicho kitambaa cha mahema ya zamani na cha mahema ya watalii katika kambi za Tsavo. Ukikigusa, pande zote mbili ni nguo. Kanvasi hupitisha hewa, na huzuia maji kwa sababu nyuzi zake huvimba zikilowa na kuziba nafasi, na pia kwa sababu ya dawa iliyopakwa kiwandani. Kikikaa kibichi, huoza.

Aina ya nne ni neti ya kivuli, inayotumika kwenye vitalu vya miche na sehemu za kuegesha magari. Hiyo haizuii mvua. Kuitunza ni kuikung'uta vumbi na kuisuuza, basi.

Kinachoharibu turubai hapa kwetu

Mtito Andei iko chini ya nyuzi 3 kusini mwa ikweta, kwa hivyo jua huwa kali mwaka mzima. Miale yake huvunjavunja plastiki kidogo kidogo. Dalili ya kwanza ni rangi kupauka na uso kuacha unga kama chaki ukiupapasa. Jua hatuwezi kuliepuka, lakini tunaweza kulipunguza. Siku usiyouza, shusha turubai badala ya kuliacha likichomeka bure. Kambi nyingi za watalii huweka paa la pili juu ya hema, la makuti au la kitambaa cha bei nafuu, ili jua lile paa hilo kwanza. Mwenye kibanda anaweza kufanya vivyo hivyo kwa kutandika neti ya kivuli juu ya turubai lake.

Adui wa pili ni vumbi letu jekundu. Chembe zake ni ndogo lakini ngumu. Upepo unapopigapiga turubai, vumbi hilo hufanya kazi ya msasa, hasa pale kitambaa kinapogusa chuma au kamba. Vumbi pia hushika unyevu, na ukungu huota juu ya uchafu wenye unyevu.

Adui wa tatu ni moshi. Malori huacha masizi, na jiko la nyama choma huacha masizi yaliyochanganyika na mafuta. Uchafu huu hunata, na vumbi likija hunaswa juu yake.

Adui wa nne ni maji yenyewe. Maji ya visima vingi vya sehemu zetu kavu yana chumvi. Sabuni ya kipande haitoi povu vizuri kwenye maji hayo, na huacha utando mweupe. Yakikaukia kwenye turubai huacha madoa, na pete za chuma zinazopitisha kamba hushika kutu. Ukilazimika kuosha kwa maji ya chumvi, tumia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo badala ya sabuni ya kipande, kisha tafuta angalau ndoo moja ya maji baridi ya mvua au ya mfereji kwa suuza ya mwisho.

Kuosha kwa maji machache

Maji ni ghali kwetu, na wengi hununua kwa mtungi. Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya usafi wa turubai hufanyika kabla ya maji kugusa kitambaa. Kivuli cha kibanda cha mita 3 kwa 2 kinaweza kuoshwa kwa takriban lita 30, yaani mtungi mmoja na nusu, ukifuata hatua hizi.

1. Lishushe na ulikague. Tafuta matundu, nyuzi zilizoachia, pete zilizong'oka na mahali palipoliwa na vyuma. Weka alama kwa chaki ili urudi kuparekebisha.

2. Ondoa vumbi likiwa kavu. Likung'ute watu wawili, kisha lifagie pande zote kwa ufagio laini. Usianze na maji. Vumbi lililoloweshwa huwa tope, na tope huingia kwenye mishono.

3. Chagua mahali pa kuoshea. Tandaza juu ya simiti, nyasi au turubai kuukuu. Kokoto na mchanga hutoboa kitambaa unapolisugua. Likiwa bado juu ya fremu yake na unaweza kulifikia ukiwa chini, lioshee pale pale. Usipande juu ya fremu wala meza.

4. Changanya sabuni kidogo. Vijiko viwili vya chakula vya sabuni ya maji vinatosha ndoo ya lita 10. Tumia maji ya kawaida au ya vuguvugu, si ya moto. Sabuni nyingi haiongezi usafi. Inaongeza tu maji ya kusuuzia.

5. Osha sehemu kwa sehemu. Pakaza maji ya sabuni kwa kitambaa au sifongo, yaache dakika tano, kisha sugua polepole kwa brashi laini. Usiache povu likaukie juani.

6. Suuza kutoka juu kwenda chini. Inua upande mmoja ili maji yatiririke, na uyakinge kwa karai. Maji ya suuza ya mwisho yanaweza kutumika kuoshea sehemu inayofuata. Maji machafu yamwage uani kutuliza vumbi, mbali na mto, kisima au bwawa la mchanga.

7. Anika pande zote mbili hadi mishono ikauke.

Kwa kanvasi, punguza sabuni zaidi. Mara nyingi brashi na maji matupu hutosha. Ukitumia sabuni, suuza hadi povu liishe kabisa, kwa sababu sabuni iliyobaki husaidia maji ya mvua kupenya. Kanvasi mpya nayo inahitaji maandalizi: isimamishe, imwagie maji, iache ikauke, na rudia mara mbili au tatu kabla ya kuitegemea kwenye mvua. Nyuzi huvimba na kuziba matundu ya sindano.

Mvua pia inaweza kukusaidia. Ukiwa umeondoa vumbi na kusugua kwa sabuni, manyunyu ya asubuhi yatakusuuzia bure.

Ni mara ngapi? Vumbi liondolewe kila wiki. Kuosha kwa sabuni kufanyike angalau mara mbili kwa mwaka, kabla ya mvua za Novemba na kabla ya zile za Machi. Anayechoma nyama au kukaanga chini ya turubai aoshe kila mwezi, kwa sababu mafuta yaliyoganda juu ni chakula cha moto.

Madoa sugu

Masizi: tumia sifongo na maji ya sabuni, na ubadilishe maji yakiwa meusi. Usitumie waya wa kusugulia sufuria. Hukwaruza ngozi ya plastiki, na kila mkwaruzo hushika uchafu mpya.

Mafuta: nyunyiza unga kidogo juu ya doa, uache nusu saa unyonye mafuta, ufagie, kisha osha kwa sabuni ya vyombo.

Kinyesi cha ndege: usikikwangue kikiwa kikavu kwenye turubai la plastiki. Weka kitambaa chenye maji juu yake kwa dakika kumi, kitalainika na kufutika. Kisiachwe kwa wiki, kwani hula rangi.

Utomvu wa miti: kwangua kwa kijiko cha mbao asubuhi kukiwa baridi, wakati ni mgumu. Kisha osha kwa sabuni.

Ukungu: hili ndilo doa linalosumbua vikundi vya mahema zaidi. Peleka hema nje, funga pua na mdomo kwa barakoa au leso, na ufagie ukungu likiwa kavu. Kisha changanya kikombe 1 cha siki nyeupe na vikombe 4 vya maji, pakaza, subiri robo saa, sugua kwa brashi laini, suuza na uanike juani. Jaribu kwanza kwenye kona isiyoonekana. Alama nyeusi zinaweza kubaki, lakini harufu itapungua na ukungu hautaendelea kula kitambaa.

Usilipake haya

Dawa ya klorini ya kung'arisha nguo, ambayo wengi huiita Jik, ndiyo ya kwanza kukimbiliwa ukungu unapoonekana. Inaondoa doa, ni kweli. Lakini pia hupausha rangi, hudhoofisha nyuzi za pamba na nailoni, na kwenye kanvasi huondoa dawa ya kuzuia maji. Hema hurudi jeupe, kisha mshono huachia kwenye mvua ya kwanza. Zaidi ya hayo, klorini ikichanganywa na siki au asidi nyingine hutoa gesi ya sumu inayochoma mapafu. Kamwe usichanganye vitu hivyo, wala kutumia kimoja baada ya kingine bila kusuuza vizuri.

Petroli, dizeli, mafuta taa na thina huyeyusha vilainishi vilivyo ndani ya PVC. Siku hiyo turubai hung'aa. Baadaye hukauka na kupasuka kwenye mikunjo. Pia hubaki na mvuke unaoweza kuwaka karibu na jiko. Na mabaki yake yakimwagwa chini huingia kwenye maji. Wakazi wa bonde la Thange, ambako mafuta yalivuja kutoka kwenye bomba mwaka wa 2015, wanajua vyema gharama ya mafuta kuingia mtoni.

Mashine ya kuoshea magari nayo itumiwe kwa tahadhari. Kijito cha maji kikielekezwa karibu hubandua ngozi ya PVC na kufungua mishono. Kama hakuna njia nyingine, mwambie anayeosha asimame mbali, apunguze nguvu, na asielekeze maji kwenye mishono wala pete.

Kausha kabla ya kukunja

Turubai lililokunjwa likiwa bichi linaweza kuanza kuota ukungu ndani ya siku moja au mbili, hasa likiwa limefungwa ndani ya gunia au nyuma ya gari. Hata PVC, ambayo yenyewe haiozi, hupata madoa, na nyuzi za mishono yake hudhoofika.

Tatizo kubwa liko kwenye ukodishaji. Mazishi huisha jioni, mvua imenyesha, vijana wanaharakisha kufungua kamba, hema linakunjwa na kutupwa kwenye gari. Jumatatu kila mtu anarudi kazini. Hema hukaa hivyo hadi Ijumaa, linapotakiwa tena. Hakuna aliyekusudia kuliharibu, lakini wiki hiyo moja imelizeesha kuliko mvua za msimu mzima.

Vikundi vinashauriwa kukubaliana kuhusu mambo manne:

Kwanza, achaguliwe mtu mmoja wa zamu ambaye, kila hema linaporudi bichi, ataliandaa na kulitandaza kesho yake asubuhi. Alipwe kitu kidogo kutoka kwenye mapato ya siku hiyo.

Pili, bei ya kukodisha ijumuishe gharama ya kuosha, na mteja aelezwe hivyo mapema. Ni rahisi kuliko kugombana baadaye kuhusu mafuta yaliyomwagika.

Tatu, mhazini awe na daftari la kila hema: tarehe lilipotoka, liliporudi, lilikuwa kavu au bichi, na lina tundu wapi. Hema likirudi limechanika, daftari litaonyesha lilitoka likiwa zima.

Nne, sehemu ya mapato iwekwe kando kwa ukarabati, kabla ya kugawana.

Mahali pa kuhifadhi pawe pakavu na penye hewa. Inua mahema kutoka sakafuni kwa mbao au matofali ili mchwa na unyevu visiyafikie. Usiyaweke pamoja na mbolea, dizeli au magunia ya nafaka yanayovuta panya. Turubai la PVC ni bora kuviringishwa. Ikibidi likunjwe, badilisha mistari ya mkunjo kila mara.

Mvua na upepo vikija

Turubai lililolegea ni hatari kuliko watu wanavyodhani. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 mraba ni lita 1 ya maji, na lita 1 ina uzito wa kilo 1. Hema la mita 6 kwa 9 lina mita mraba 54. Mvua ya milimita 20 inalimwagia zaidi ya lita 1,000. Likiwa limevutwa vizuri na lina mteremko, maji yote hayo hushuka. Likiwa limelegea, hukusanyika. Dimbwi la mita 2 kwa 2 lenye kina cha sentimita 5 tu lina uzito wa kilo 200, na hilo linaning'inia juu ya vichwa vya waombolezaji au wateja.

Kwa hivyo hakikisha paa lina mteremko, na rekebisha kamba mvua inapoanza, kwani kamba za pamba na katani hubadilika urefu zikilowa. Maji yakijikusanya, yasukume kutoka chini kwa ufagio uliofungwa kitambaa, pole pole, huku watu wakiwa wamesogea pembeni. Usitoboe turubai ili maji yatoke.

Kwa upepo, vigingi vichomekwe kwa mshazari vikielekea mbali na hema, na kamba ziwe na kitambaa cha rangi ili watu na watoto wasijikwae usiku. Usifunge kamba kwenye nguzo za stima, alama za barabarani wala gari linaloweza kuondoka. Vivuli vya kando ya barabara kuu visizibe macho ya madereva wanaoingia au kutoka barabarani. Upepo ukizidi, ondoa watu kwanza, kisha ushushe hema.

Maji yanayotuama pia ni suala la afya. Mbu wa aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengi na chikungunya, hupenda maji machache yaliyo karibu na watu. Mkunjo wa turubai kuukuu lililofunika mbao au kuni nyuma ya nyumba unamtosha. Kutoka yai hadi mbu mzima huchukua takriban siku 7 hadi 10 kukiwa na joto. Ukimwaga maji hayo kila wiki, unakata kizazi kabla hakijaruka. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inahesabu mazalia ya mbu kuwa kero ambayo mwenye mahali anapaswa kuiondoa.

Jiko nalo lisikae chini ya turubai. Cheche moja hutoboa plastiki, na turubai lenye mafuta linaweza kushika moto. Weka jiko upande ambao upepo unapeleka moshi na cheche mbali na kitambaa, na uwe na ndoo ya mchanga karibu.

Tundu dogo lizibwe leo

Tundu la ukubwa wa sarafu ni kazi ya dakika ishirini. Likiachwa, upepo hulifanya mpasuko wa mita moja kwa alasiri moja.

Kwa PVC, kata kiraka cha mviringo kutoka turubai kuukuu la aina hiyo hiyo, kikizidi tundu kwa sentimita 5 kila upande. Kona kali huanza kubanduka, ndiyo maana mviringo ni bora. Safisha na ukaushe sehemu zote mbili, paka gundi ya PVC, subiri ianze kunata, kandamiza, na uweke kitu kizito juu yake hadi kesho yake.

Kwa kanvasi, kiraka hushonwa. Mwambie fundi atumie uzi wa polista, kwa sababu uzi wa pamba hauvumilii jua na unyevu. Mishono inaweza kusuguliwa nta ya nyuki, ambayo wafugaji wa nyuki wa Kibwezi wanayo. Inaziba matundu ya sindano vizuri. Usipake nta karibu na jiko, kwani hushika moto.

Pale fremu inapogusa turubai, funga vipande vya mpira wa baiskeli au kitambaa kizito kwenye kona za chuma. Matundu mengi huanzia hapo.

Likizeeka kabisa

Turubai likiisha, usilichome. PVC ikiungua hutoa gesi ya asidi na sumu za dioksini zinazobaki hewani na kwenye majivu. Usilitupe porini pia, kwani mbuzi, ng'ombe na wanyama wa Tsavo humeza vipande vya plastiki na kufa navyo tumboni.

Kata sehemu zilizo nzima uzitumie kwa viraka, kufunikia kuni au kutandika chini ya mahema mapya. Zinazobaki zitenge na mabaki ya chakula kabla ya kuzipeleka kwenye eneo la kukusanyia taka. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka wa 2022 inamtaka kila mtu kutenganisha taka zinazooza na zisizooza.

Fanya hivi wiki hii

Shusha kivuli chako siku moja ambayo soko si kubwa. Kikung'ute, kioshe, kianike, ziba matundu na kaza kamba. Vikundi vikutane na kumchagua mtu wa zamu kabla ya mazishi au harusi inayofuata. Mwenye swali kuhusu mahali pa kuuzia au kutupa taka amuone msimamizi wa wadi, na kuhusu mazalia ya mbu amuone afisa wa afya ya umma aliye karibu naye.

Maembe yanakuja, na mvua inakuja nayo. Heri kivuli kiwe tayari.